Jetski yenye supachaja: petroli gani?

Nahodha wa Nungwi: Wakuu, nimenunua jetski ya mtumba, injini lita 1.8, ina supachaja. Nikivuta gesi yote inagonga kama kokoto koponi. Kibandiko kinasema okteni 91. Fundi anasema petroli ni petroli. Kweli?

Mpwani: Mkimbie huyo fundi. Okteni ni uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo bila kulipuka ovyo. Hiyo 91 ni hesabu ya Marekani. Kwa RON, hesabu ya okteni ya nchi nyingine nyingi, ni kama 95. Supachaja inashindilia hewa ndani ya injini, okteni ikiwa ndogo mafuta yanalipuka ovyo, pistoni inatoboka. Ikigonga, achia gesi.

Bi Matengo: Mafuta ya dumu la ufukweni? Langu nililimimina kwenye chupa ya soda, vidole viwili chini vilikuwa maji matupu!

Nahodha wa Nungwi: Dumu, dada. Kesho namwaga tangi lote.