Whipple (upasuaji wa kuondoa kichwa cha kongosho) kwa mgonjwa wa miaka 84: hatari hasa iko wapi?

Zamu_ya_Usiku: Wakuu, habari za kazi. Mgonjwa ana miaka 84, uvimbe wa saratani uko kwenye kichwa cha kongosho, macho ya njano, mishipa mikubwa ya damu haijaguswa. Kwenye picha unatoka vizuri tu. Ndugu wanauliza kama atapona kisu. Mnapima nini kabla ya kukubali?

Uzi_na_Sindano: Umri peke yake haumzuii mtu. Swali ni kama mwili utahimili tatizo la kwanza likitokea. Ukishaondoa kichwa cha kongosho, duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba), kifuko cha nyongo na kipande cha mrija wake, unaunga sehemu tatu kwenye utumbo mwembamba: kongosho, mrija wa nyongo na mfuko wa tumbo. Muungano wa kongosho ndio msumbufu. Likiwa laini na mrija wake haufiki milimita 3, uzi unachana nyama na vimeng'enya vinavuja. Siku ya 3 baada ya upasuaji pima amilesi (kimeng'enya cha kongosho) kwenye majimaji ya dreni (mrija wa kutoa majimaji tumboni); ikizidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida kwenye damu, panavuja. Mtu wa miaka 50 mara nyingi anavumilia. Mzee anaongezewa nimonia, figo zinagoma, kitandani hanyanyuki. Ile asilimia ya vifo vya Whipple inayotajwa, iliyo chini ya 5, ni ya hospitali zinazofanya upasuaji huu kila mara, tena kwa rika zote. Msiwatajie ndugu kana kwamba ni yake.

Nusukaputi: Mtembeze mita 4 kwa mwendo wake wa kawaida. Akizidisha sekunde 5, huo ni udhaifu, hata kama moyo unapiga vizuri. Angalia kilo alizopoteza na kumbukumbu yake pia: aliyeanza kusahau ndiye atakayechanganyikiwa usiku na kung'oa mirija. Mrudishie miwani na kifaa cha kusikia mapema, na diazepamu (dawa ya kutuliza na kulaza) isimkaribie.

Bilirubini (rangi ya njano ya nyongo kwenye damu) ikipita maikromoli 250 kwa lita, au nyongo ikiwa na maambukizi, stenti (kijibomba cha kufungua mrija wa nyongo) kwanza. Wiki hizo za kusubiri si za kulala: protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kutembea, mazoezi ya pumzi.

Zamu_ya_Usiku: Na akifika siku ya 10 salama? Ndugu huona yameisha.

Uzi_na_Sindano: Bado. Damu kidogo kwenye dreni, au choo cheusi, presha ikiwa nzuri kabisa: hapo ndipo watu hulala. Mara nyingi ni kisiki cha ateri ya gastroduodeni, mshipa wa damu uliokatwa na kufungwa wakati wa upasuaji, kilicholiwa na vimeng'enya. CT ya mishipa (picha ya kompyuta ya mishipa ya damu) papo hapo, kisha kizibwe kwa kupitia mshipa wa paja. Ukingoja presha ishuke umechelewa.

Nusukaputi: Ndugu waambiwe pia kwamba wazee wengi hawarudishi nguvu za kutosha kupata kemo (dawa za saratani) baada ya kisu, na bila kemo saratani hii hurudi haraka zaidi. Stenti ya chuma inaondoa manjano na muwasho bila kufungua tumbo. Muulizeni mgonjwa mwenyewe, ndugu wakiwa nje.