Belo la jirani yangu limetoka bovu, nikafurahi. Naombeni ushauri

MamaWawili_Moshi
Shalom wapendwa. Mimi ni mama wa miaka 36, nauza mitumba ya watoto pale Memorial. Naimba sauti ya pili kwenye kwaya usharikani na sina ugomvi na mtu. Shida yangu kwa nje haionekani.

Meza ya pembeni yangu kuna dada, tunasali naye jumuiya moja. Akifungua belo wateja wanamjazia, na mimi nabaki kumhesabia. Mauzo yake ya siku nayajua kuliko ya kwangu. Wiki iliyopita alifungua belo likatoka bovu: sweta zimetoboka, suruali hazina zipu, madoa kila mahali. Akakaa kashika tama. Nikaenda nikampa pole, nikamnunulia chai na chapati mbili. Wapendwa, mdomo ulikuwa unatoa pole huku moyo unapiga vigelegele. Narudi mezani kwangu najikuta naimba kimoyomoyo, tena wimbo wa sifa. Hapo ndipo nilipoogopa.

Sijamloga wala sijamsema kwa mtu. Je, hii ni dhambi? Na kama ni dhambi, unalindaje moyo dhidi ya kitu kinachoingia bila hodi? Nikifumba macho kuomba namwona yeye na belo lake. Tafadhali, wale wa "badilisha biashara" mnipitie mbali.

Kipaimara_B
Pole dada. Mithali 24:17 imekutaja bila jina: "Usifurahi, adui yako aangukapo." Na huyo wala si adui, ni mwenzio wa jumuiya. Sisi Walutheri tulikaririshwa amri ya tisa na ya kumi, zile za "usitamani", tukaziona nyepesi, kumbe ndizo ngumu maana hazina shahidi. Unaweza kuzivunja ukiwa umekaa kwaya, umevaa joho.

Ila usijimalize. Luther akifafanua Baba Yetu mwaka 1519 alirudia jibu la mzee mmoja wa jangwani kwa kijana aliyelalamikia mawazo mabaya: ndege kuruka juu ya kichwa chako huwezi kuwazuia, kujenga kiota kwenye nywele zako unaweza. Ile furaha ya ghafla ilikuwa ndege. Kuimba njiani, dada yangu, hapo ulishamletea na nyasi.

Mtumishi_Ngome
Hiyo ni roho ya wivu. Funga siku tatu, kemea, itatoka.

Mzee_wa_Kibosho
Mtumishi, kufunga ni kuzuri, ila tusimkimbize mama wa watu. Sisi Wakatoliki kwenye misa tunaungama "nimekosa mno kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo". Mawazo yanatangulia. Nimepiga kifua miaka na miaka kabla ya kugundua huo mpangilio.

Kulikuwa na mmonaki huko Misri, Evagrius, aliyefariki mwaka 399. Aliorodhesha mawazo mabaya manane na, ajabu, wivu haumo. Uliingia baadaye kwenye orodha ya Papa Gregori Mkuu, karne ya 6. Evagrius alishauri wazo likija ulichunguze: linakuja saa ngapi, limefuatana na lipi, nani kamtangulia mwenzake. Huwezi kumzuia mgeni usiyemjua njia anayopitia. Sasa nikuulize mwanangu, huo wivu wako una siku yake?

MamaWawili_Moshi
Mzee shikamoo. Umenifanya nikae chini na daftari. Ni Jumanne. Jumanne ndiyo siku ya marejesho ya kausha damu, ile mikopo ya riba kali, na belo lake lilitoka bovu Jumanne.

Chalii_wa_Ngarenaro
Kwa hiyo wivu nao una riba, sista 😂

Mzee_wa_Kibosho
Basi umeshamwona mgeni wa kwanza: hofu. Wivu umekuja nyuma yake. Mtumishi akemee na hilo deni kama linaondoka.

Bibi_Mstaafu
Mwanangu, nimekaa nyumba ya mchungaji miaka mingi, nimewaza mabaya juu ya washirika kuliko unavyodhani. Lililonisaidia ni kumwombea mtu kwa kitu chenyewe kinachoniuma. Usiseme "Bwana mbariki", hiyo inapita kooni kama maji. Sema "Bwana, belo lake la Alhamisi litoke zima, wateja wamjae." Utasikia ulimi unavyokuwa mzito. Huo uzito ndio ugonjwa.

Na hilo deni litafutie njia, usilifanye la kiroho tu.

Kipaimara_B
Na je, akamwombe msamaha? Mathayo 5 inasema upatane kwanza na ndugu yako.

Bibi_Mstaafu
Hapo anatajwa ndugu aliye na neno juu yako. Huyu dada hana neno, kala chapati zake kwa amani. Ukimpelekea hayo unatua mzigo kwako, unautwika kwake. Ungama kwa Mungu, na kwa mtu mmoja mwenye kifua.

MamaWawili_Moshi
Mrejesho. Jana Jumanne jirani alikwenda kuchukua mtoto kliniki, akaniachia meza yake. Akaja mama anatafuta sweta ya mtoto wa miaka mitano. Ya kwangu ilikuwa imefifia, ya kwake mpya kabisa. Nilisimama pale katikati ya meza mbili kama nimesahau bei. Nikauza ya kwake, elfu nne. Wazo likaja: mwambie umeuza elfu tatu. Lilikuja hivyohivyo, sikulipatia kiti. Hela nimemkabidhi yote.

Maombi ya belo nimeyaanza. Bibi, ulimi ni mzito kweli, jana nilifika "litoke" nikakwama.

Ila Jumapili kwenye mnada baada ya ibada tuligombania mkungu mmoja wa ndizi, akaupata yeye. Nilimsaidia kuubeba. Niliyowaza njiani siyaandiki hapa.