Ukigonga kwenye barafu, hatari ndiyo kwanza inaanza, na mkaguzi wa bima atakuja jua likiwa limewaka!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na kola ya kushikilia shingo iliyoumia, mkiona nimeruka herufi mnivumilie. Na wasimamizi tafadhali msiuhamishie uzi huu kwenye jukwaa la magari, huko watanijibu habari za matairi tu.

Kila msimu wa theluji ukiingia tunaimbiwa wimbo ule ule: punguza mwendo, acha nafasi, usikanyage breki kwa pupa. Sawa, tumesikia. Ukishagonga je? Hapo wote mabubu. Mimi nimekula mzinga wiki mbili zilizopita, na kile kishindo cha kwanza hakikuwa chochote. Kilichotaka kuniua kilikuja dakika kama sita baadaye, na kinachoninyima usingizi kilikuja siku ya tano.

Ilikuwa alfajiri, mimi na mke wangu, kilomita 60 kwa saa. Barabara ilionekana imelowa tu. Tukaingia darajani. Daraja linapigwa na baridi juu na chini, halina ardhi ya kulitunzia joto, ndiyo maana linaganda kabla ya barabara nyingine. Hilo nilikuwa nalijua kabisa! Lakini ile barafu nyembamba haina rangi, unaiona lami chini yake, unadhani ni maji. Usukani ukawa mwepesi ghafla, gari likaserereka kiubavu mpaka kwenye kingo za chuma. Sikwepi, mwendo ule ulikuwa kosa langu. Kwenye barafu gari linaweza kuhitaji hadi mara kumi ya umbali wa kusimama kwenye barabara kavu, na 60 pale ilikuwa kasi. Msinisomee sheria, nimeshajisomea mwenyewe.

Tulikuwa wazima. Injini imezima, nikawasha hazadi. Kabla sijafungua mkanda, jamaa mmoja akatugonga nyuma, taratibu, bampa kwa bampa.

Yule bwana akashuka, akaja kusimama KATIKATI ya gari lake na langu, anapapasa bampa lake lilivyobonyea, ananiita nikaone. Nami kwa ujinga nikaenda! Watu wazima wawili, gizani, juu ya barafu ambayo sisi wenyewe tumetoka kuteleza juu yake sasa hivi, tunabishana nani alipe. Mke wangu naye akashuka kuja kunitetea. Mzee mmoja dereva wa lori, aliyekuwa amesimama mbele kabisa nje ya daraja, ndiye aliyetupigia kelele: tokeni hapo nyie, mnataka kufa? Nikataka kuruka kingo. Akafoka tena, usiruke, huko chini ni shimo! Kweli, gizani hujui nyuma ya kingo za daraja kuna nini. Tukatembea pembeni tumeshikilia chuma mpaka mwisho wa daraja, tukapanda tuta, tukasimama nyuma ya kingo za huko.

Gari la tatu likaja likiwa limekaa upande. Likalipiga la yule bwana, la yule bwana likalipiga langu. Ile nafasi tuliyokuwa tumesimama kugombania bampa haikuwepo tena.

Kwa hiyo nauliza, na nauliza kwa hasira: kwa nini hili hatufundishwi? Gari likiwa bado linatembea, litoe njiani kwanza, mengine baadaye. Likigoma, na kuna pa kutokea salama, tokeni, mkae mbali nyuma ya kingo, upande magari yanakotokea, maana gari lililogongwa linasukumwa mbele. Kama kutoka ni kujitia katikati ya magari, bakini ndani mmefunga mikanda, pigeni simu. Na ile pembetatu ya tahadhari ukiiweka hatua kumi nyuma ya gari siku ya barafu umeweka pambo. Anayekuja hataweza kusimama hapo. Iende mbali zaidi, ila kama kuipeleka ni kutembea katikati ya barabara ya mwendo kasi, iache, roho yako ni bora.

Halafu baridi. Msaada ulichukua saa nzima na nusu, na siwalaumu, ajali zilikuwa kila kona. Lakini mimi nilikuwa na sweta tu! Jaketi ndani ya buti, na buti limebondwa halifunguki. Mama mmoja akatukaribisha kwenye gari lake lililokuwa linaunguruma nje ya daraja, nyuma limezama kwenye lundo la theluji. Yule mzee wa lori akatuzuia kuingia mpaka bomba la moshi lifukuliwe. Nikamwona msumbufu. Kumbe bomba likiziba, moshi unarudi ndani, na ile hewa ya sumu ya kaboni haina harufu wala rangi. Unasikia kichwa kizito, unasema nimechoka, unalala, basi. Akasema washeni dakika kumi hivi kila saa, dirisha moja liachwe wazi kidogo, na bomba liangaliwe kila mkiwasha. Mwingine akatuletea chupa ya pombe eti tupashe damu. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, unasikia joto kumbe ndilo linalokutoka. Mzee akaipiga marufuku. Sijui hata jina lake, Mungu ampe maisha marefu.

Simu yangu ilikuwa na chaji asilimia 40, ikazima. Baridi inalevya betri. Niliiweka kwapani ndani ya sweta, baada ya muda ikawaka. Muda wote huo nilikuwa nimepiga picha tatu. Zote za bampa! Hakuna hata moja ya barabara. Gari la chumvi, ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, likapita likamwaga mzigo wake, na kufikia saa nne asubuhi barafu ilikuwa maji.

Sasa njooni kwenye bima. Siku ya tatu dada wa huduma kwa wateja ananiuliza kwa sauti ya asali: "Una picha ya hiyo barafu?" Dada, nikuletee kwenye ndoo? Siku ya tano mkaguzi wao akaenda darajani. Saa saba mchana, jua limewaka. Akaandika kwenye ripoti yake kwamba uso wa barabara ni mkavu na unaonekana vizuri. UMEKAUKA LEO, BWANA! Mimi niligonga alfajiri ya siku tano nyuma!

Na yule jamaa wa bampa kaandika kwamba nilikiri kosa. Mnajua nilikiri nini? Nilimwambia pole. Mtu kashuka anatetemeka, nikamwambia pole, kama nilivyolelewa. Kwenye fomu yake pole imegeuka ungamo. Tangu siku hiyo nimeapa, kwenye ajali nitauliza kama mtu ameumia, tutabadilishana majina, namba za gari na za bima, basi. Nani mkosaji, hapo barabarani si pa kusemea.

Kosa langu jingine ni la mdomo pia. Askari aliuliza kuna majeruhi? Nikajibu kwa mbwembwe, tuko fiti afande. Ikaandikwa hakuna majeruhi. Kesho yake asubuhi shingo haigeuki, natoka kitandani kwa kujiviringisha kama gogo. Daktari kasema ni kawaida, hofu inaficha maumivu, shingo inaweza kuanza kuuma baada ya saa kadhaa au hata siku. Bima wao wanauliza: mbona taarifa ya polisi inasema uko mzima? Mkiulizwa, semeni bado sijui, naenda kupimwa. Na nendeni kweli, siku hiyo hiyo.

NYONGEZA: Kuna aliyeandika hapo chini eti ningekuwa na gari la magurudumu manne yanayovuta yasingenikuta. Ndugu, magurudumu manne yanakusaidia kuondoka, kusimama hayakusaidii kitu. Gari la tatu lilikuwa la aina hiyo hiyo.

NYONGEZA 2: Asante kwa aliyenishauri niombe kumbukumbu za kituo cha hali ya hewa za alfajiri ile, saa simu ya dharura ilipopokelewa, na ratiba ya gari la chumvi. Kama chumvi ilimwagwa asubuhi hiyo, kuna mtu alijua pameganda. Za hali ya hewa nimeshaomba. Yule mama wa gari lenye lundo la theluji alikuwa na kamera kwenye kioo cha mbele, namba yake ninayo, kakubali kunitafutia video kama haijafutika. Ratiba ya chumvi ndiyo nazungushwa, kila ofisi inanielekeza kwa jirani yake. Aliyewahi kuipata aseme alimwandikia nani na ilichukua muda gani, maana bima wamenipa siku 14 za kupinga na nane zimeshakwenda.