Mbwa wangu ananisikia vizuri kabisa, ila hataki. Nifanyeje?

Fundi wa Rau

Habari zenu wakuu, na wakubwa wote shikamooni.

Niko Moshi, Rau. Nina mbwa dume anaitwa Jojo, ana mwaka na miezi miwili. Mama yake koko wa kawaida wa Kibosho, baba yake wanasema German Shepherd, na kwa masikio yale siwezi kubisha: moja limesimama, la pili limekata tamaa. Nilimchukua ana miezi miwili, nikamweka kwenye kikapu cha ndizi ndani ya Hiace mpaka stendi, hakulia hata mara moja. Hadi miezi sita alikuwa mtiifu kuliko wanangu wawili.

Sasa ameota pembe. Ratiba yetu ni ya nyumba nyingi za huku. Mchana yuko bandani, saa 3 usiku namfungulia azunguke uani alinde, saa 12 asubuhi arudi bandani kabla watoto hawajatoka na wateja hawajaanza kuja, maana mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani. Kumtoa hakuna shida. Kumrudisha ndiyo kesi. Namwita "Jojo njoo!" Anasimama hatua tatu kutoka nilipo, ananitazama usoni, mkia unacheza. Nikisogea hatua moja, naye anarudi moja. Nikikimbia ndiyo kwanza nimemfurahisha. Anazunguka mparachichi, anapita juu ya tuta langu la mchicha, anarudi palepale hatua tatu. Juzi tumechezeshana hivyo mpaka saa 1 na dakika 20, nimejifunga kanga na raba miguuni, bodaboda wa shule anapiga honi getini, na mteja wa sare ya harusi kasimama anatuangalia. Nikija kumkamata nimeshapandwa na hasira, anakula ndala mbili tatu ndiyo anaingia. Siku hizi nikimshika shingoni ananguruma kabisa.

Mume wangu anasema tumpe mtu, tutafute mwingine. Mama mkwe anasema mbwa akishajua kukaidi hafundishiki tena. Jamani, huyu anarudi kwenye mstari au nikubali yaishe?

Mbabe wa Kaloleni

Dada, mbwa ni fimbo na njaa. Mnyime chakula siku mbili uone kama hatakuja mbio. Mnawalea kizungu ndiyo maana.

Fundi wa Rau

Kaka, fimbo nimeijaribu. Inafaa siku ileile. Kesho yake anaongeza hatua ya nne.

Mzee wa Ngaramtoni

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi na mbwa wa ulinzi karibu miaka 20, sasa nafuga kuku na kulea wajukuu hapa Ngaramtoni. Kabla sijakupa neno nijibu haya, usione aibu. Akija unapomwita, kinamkuta nini? Nani mwingine hapo nyumbani anamwita, na anamwitaje? Anakula saa ngapi? Halafu hilo "Jojo njoo" hebu litamke taratibu ujisikilize.

Fundi wa Rau

Mzee umenichekesha peke yangu kwenye cherehani. Jojo, njoo. Jojo, njoo. Mwaka mzima jina lake na amri yake ni sauti moja! Jina alipewa na mwanangu wa mwisho, na wala hatukuliwaza.

Mengine ni haya. Akija anaingia bandani, basi, na kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 3 usiku ni masaa 15, nimehesabu leo kwa mara ya kwanza. Chakula anapata usiku akishatoka, ugali wa dona na dagaa, siku nyingine utumbo. Wanaomwita: mimi kwa "njoo", watoto kwa Kiingereza cha shuleni kwao, mama mkwe kwa Kichaga, mume wangu kwa mluzi. Na mluzi huohuo ndio anaoitia bodaboda.

Mzee wa Ngaramtoni

Basi hesabu za mbwa wako ziko sawa, nyie ndio mmezikosea. Akija, anafungwa masaa 15. Asipokuja, anapata dakika 80 za kukimbizana na wewe, mchezo anaoupenda kuliko dagaa. Akichelewa halafu akaja, anapigwa. Wewe mwenyewe ungekuja?

Hilo la kipigo ulishike, ndilo linaharibu mbwa wengi. Ukimpiga amefika mkononi, kwake amepigwa kwa kufika. Ya nusu saa iliyopita, ya mparachichi na mchicha, hayaunganishi. Na ule uso wa kujikunyata ambao watu wanasema "anajua kosa lake", huo anausoma kwenye mabega yako na sauti yako.

Neno "njoo" limeshaoza, litupe. Chukua sahani yake ya bati, gonga kwa kijiko mara tatu, na iwe hivyo kwa wote, hata bibi. Chakula cha usiku kihamishie asubuhi, ndani ya banda. Siku mbili tatu za mwanzo usimfungie mlango. Ale, atoke, arudi mwenyewe. Usiku ukiwa naye uani mgongee mara tano sita bila sababu, akifika mpe kipande cha ini la kuku saizi ya punje ya hindi, kisha mwache aende zake. Hapo ndipo kazi ilipo. Lazima kuja kwako kuwe mara nyingi ni heri tupu, na kufungwa kuwe mara moja moja. Akisimama hatua tatu usimfuate, mpe mgongo utembee kuelekea jikoni. Mbwa hapendi kuachwa kwenye mchezo. Kama unaogopa asubuhi za shule, mwachie kamba ya manila mita nane au kumi inaburuta nyuma yake, ukikwama unaikanyaga tu, humkimbizi mtu.

Na masaa 15 ni mengi mno kwa mbwa wa umri huo. Watu wanadhani banda la mchana linampa ukali. Linampa wazimu wa kutaka kukimbia, basi. Jioni mtembezeni na kamba hata nusu saa, mwanao mkubwa anaweza.

Ndugu wa Kaloleni, njaa ya siku mbili inakufanyia mbwa mwizi wa mayai. Nimewaona.

Daktari wa Mifugo, Njiro

Mzee kamaliza karibu yote. Mimi kilichonikaa ni huko kunguruma akishikwa shingoni. Mbwa aliyekuwa mpole akibadilika, mkague mwili kwanza ndipo uzungumzie tabia. Nusa masikio yake, kama yana harufu au anatikisa sana kichwa yanauma. Pekua kupe, mpaka ndani ya masikio na katikati ya vidole. Halafu dada, huo ukanda wa shingoni ulinunua lini? Vidole viwili vinatakiwa vipite chini yake bila kulazimisha.

Kuhusu umri, kuanzia miezi sita hivi hadi mwaka na nusu ni balehe. Pua inatawala kuliko masikio. Kumhasi kutampunguzia kuzurura kufuata majike, ila kuitika hakutamfundisha. Na chanjo ya kichaa cha mbwa usiiruke, hasa nyumba inayoingia wateja. Siku aking'ata mtu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, na mtu aende hospitali siku hiyohiyo. Asingoje kuona mbwa anaendeleaje.

Fundi wa Rau

Daktari, nimeweka cherehani pembeni nikaenda kuangalia. Nimeshindwa kupitisha hata kidole kimoja. Ukanda nilimnunulia ana miezi mitano, manyoya ya shingoni yakaufunika, nikasahau kwamba shingo inakua. Nimeukata kwa mkasi wa kitambaa. Chini yake manyoya yameisha, ngozi nyekundu kuzunguka kote, na upande wa pete ya mnyororo kuna kidonda cha upana wa shilingi mia, kibichi, nzi ameshakijua. Na kila asubuhi ndipo hapo nilipokuwa namshikia kumwingiza bandani. Nimekaa chini pale bandani nikalia, siwafichi.

Daktari wa mifugo wa huku amekisafisha, amempa sindano na dawa ya kupaka. Kwa sasa anavaa ukanda wa kifuani nilioushona mwenyewe kwa mkanda wa begi, mara mbili, na sponji kwa ndani.

Panya Buku

Pole sana mama. Mimi nilisoma SUA Morogoro, na pale wako wale panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya TB. Mafunzo yao yanaanza na kidude kinacholia "ka!" kisha ndizi. Ka, ndizi. Ka, ndizi. Panya akishaelewa kwamba mlio unaleta ndizi, ndipo unaanza kuliza mlio kwa jambo unalolitaka tu. Wanachokaza wakufunzi ni muda: mlio utoke sekunde ileile, si baada ya kutafuta ndizi mfukoni. Kwa Jojo pia, ini liwe mkononi tayari kabla hujagonga sahani. Ukianza kufungua mfuko amefika, umemlipa kwa kukodolea mfuko macho.

Fundi wa Rau

Wiki tatu leo, naleta taarifa.

Siku nne za kwanza alikuja mpaka mlangoni, akaingiza kichwa na miguu ya mbele, akala, nyuma kote kumebaki nje kama mtu anayechungulia msibani. Sikumsukuma. Siku ya tano aliingia mwili mzima, akatoka, akaingia tena mwenyewe kukagua kama kuna kilichobaki. Siku ya tisa niliharibu: nilichelewa kuamka, nikampigia kelele, akarudi hatua tatu zake za zamani, na ikachukua siku mbili kurudi tulipokuwa. Kidonda kimefunga. Akishikwa shingoni bado anageuza kichwa kuangalia mkono, lakini hangurumi.

Mchana sasa anatoka saa 8 hadi saa 10 wakati wateja wamepungua, amefungwa kwenye mparachichi kwa ile kamba ndefu, na jioni mwanangu anampeleka hadi mtoni. Mume wangu ameacha mluzi. Bodaboda ndio wanaolalamika. Kuhasi bado tunabishana, anaona kama ni yeye anayepelekwa. Mama mkwe anagonga sahani kuliko sisi wote na anasema alijua tangu mwanzo.

Leo saa 12 kasoro nimegonga mara tatu, Jojo ametoka nyuma ya nyumba mbio mpaka mguuni, akakaa. Nyuma yake wamekuja kuku sita wa jirani, wamepita chini ya ua, kumbe na kwao wanaitwa kwa sahani ya bati. Mzee, hao nao nawafanyaje?