Mchungaji akisema "kwa Kigiriki neno hili…", wewe unakagua wapi?

Fundi wa Kondele

Bwana asifiwe, na wasioitikia hivyo, hamjambo.

Kuna jambo limeleta mzozo nyumbani kwangu, nikaona nililete hapa mlichambue. Huu ni mwaka wa pili nasali katika kanisa dogo hapa Kisumu lisilo chini ya dhehebu lolote. Hatuna askofu wala makao makuu Nairobi. Mchungaji husema mamlaka yetu ni Biblia peke yake, tena Biblia katika lugha ilizoandikwa kwanza, yaani Kiebrania, Kiaramu na Kigiriki, kwa sababu tafsiri ndizo zilizozaa madhehebu. Hilo ndilo lililonivuta. Nilikotoka, swali lolote lilijibiwa kwamba ndivyo wazee walivyotukabidhi.

Juzi akafundisha kwamba ile "nguvu" ya Matendo 1:8 kwa Kigiriki ni dunamis, na dunamis ndiyo dainamiti, basi Mkristo asiyelipuka hajampokea Roho. Kijana mmoja anayepasua mawe machimboni akauliza, kwa adabu tu, kama siku za Mitume dainamiti ilikuwako. Akajibiwa, "Wewe umesoma Kigiriki?" Akaketi. Watu wakacheka.

Mimi natengeneza milango ya chuma. Mteja akiuliza kwa nini kiungo fulani kimekaa hivi, simuulizi kama amesomea uchomeleaji. Namwambia ainame akione. Kwa hiyo dai langu ni hili: kanisa lisilo na dhehebu likitegemea lugha za asili bila kumwonyesha muumini pa kukagua, limebadilisha askofu tu. Askofu mpya anaitwa Kigiriki, na msemaji wake ni mtu mmoja. Mke wangu anasema nimekufuru. Haya, nipingeni.

Nyar Seme

Fundi, uchungu wako nauelewa ila umeuelekeza kubaya. Mimi Kigiriki ndicho kilichonitoa jikoni.

Kanisa nililokulia, wanawake tulipika chai ya kamati, kamati yenyewe hatukuikalia. Ushemasi ni wa wanaume, tuliambiwa, imeandikwa. Sasa fungua ile Biblia ya Union, ya mwaka 1952. Warumi 16:1, Fibi ni "mhudumu" wa kanisa lililoko Kenkrea. 1 Timotheo 3:8, wale wengine ni "mashemasi". Kwa Kigiriki neno ni moja, diakonos. Sisemi watafsiri walidanganya, maana neno hilo hubeba maana zote mbili. Ninachosema ni kwamba mtu alichagua, na hakuna aliyetuambia kwamba kulikuwa na kuchagua. Ningejuaje bila kurudi kwenye lugha yenyewe?

Jembe likimkata mtu mguu, kijiji hakiachi kulima.

Jirani wa Dunga

Mimi nasoma Muma, Biblia yetu ya Dholuo, na nimeokoka hivyo hivyo. Petro alikuwa mvuvi kama sisi, hakuwa na digrii.

Mwalimu mstaafu, Vihiga

Ndugu wa Dunga, Petro hakuhitaji kujifunza Kiaramu, kilikuwa chake. Mimi na wewe ndio tumechelewa kufika.

Fundi, mwambie yule kijana aliuliza swali zuri kuliko mahubiri yenyewe. Dainamiti ni jina alilolitoa Alfred Nobel kwa baruti yake mwaka 1867. Yeye ndiye aliyekopa kwa Wagiriki. Luka, mwandishi wa Matendo, hakumkopa Nobel. Ukitaka kujua Luka alimaanisha nini, tazama Luka anavyolitumia neno hilo, si kiwandani karne kumi na nane baadaye.

Hili kosa lina dada zake wengi, na mimi niliyefundisha Kiswahili miaka mingi linaniuma. Mtu anashika simu, anabonyeza neno, zinatokea zile namba za Strong (faharasa ya maneno ya Biblia ya mwaka 1890, nzuri kwa kilichokusudiwa), anasoma mzizi, anapanda mimbarini. Hebu mgeni afanye hivyo na Kiswahili. "Mwana" ni mtoto, hivyo mwanasheria ni mtoto wa sheria, na mwanasiasa kazaliwa na siasa. Wa pili huyo labda! Lakini mnaona. Maana ya neno iko katika matumizi, mzizi ni historia yake.

Mifano ya mimbarini mnaijua. Huambiwa agape ni upendo wa kimungu peke yake. Mbona katika 2 Timotheo 4:10 Dema "akiupenda ulimwengu huu wa sasa" ni kitenzi cha agape hiyo hiyo? Na katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, Amnoni alivyomtamani Tamari, 2 Samweli 13, ni hicho hicho tena. Huambiwa pia logos ni neno lililoandikwa na rhema ni neno jipya ambalo mtumishi ameshushiwa asubuhi ya leo. Soma 1 Petro 1:23 hadi 25. Petro anaanza na logos, anamaliza na rhema, na anasema habari ya neno lile lile. Hii ya rhema ndiyo naiogopa zaidi, kwa sababu ndiyo inayouzwa. Anayemiliki rhema ya leo hapingiki kesho.

Juu ya hili la "tafsiri zimezaa madhehebu", hapana. Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea, wengi wao wakizungumza Kigiriki tangu utotoni, wakasoma Yohana ile ile bila tafsiri, na wakagombana vikali kama Mwana ana asili moja na Baba. Neno walilolipitisha, homoousios, halimo hata katika Biblia. Kujua lugha hakukuwazuia kutofautiana. Mafarisayo na Masadukayo walisoma Torati moja kwa Kiebrania, mmoja akaona ufufuo, mwingine asiuone.

Nyar Seme

Mwalimu, nimekubali ya Nikea. Lakini unaona ulivyomkamata mchungaji wa Fundi? Kwa Kigiriki hicho hicho. Usingekijua ungemwambia nini?

Mwalimu mstaafu, Vihiga

Hapo umenishika, dada.

Kijukuu cha Johera

Naomba tusisahau udongo tunaosimama. Huku kwetu watu wamekuwa wakiacha makanisa ya wamisheni tangu zamani, na hawakuhitaji Kigiriki. Kanisa la Nomiya lilianza 1914. Lile la Israel Nineve likafuata 1942 upande wa Waluhya. Babu yangu alikuwa miongoni mwa waliotoka Anglikana mwaka 1957, wakaitwa Johera, watu wa upendo. Hera ni upendo kwa Dholuo. Walikuwa wamesoma hera katika Muma, kisha wakatazama walivyokuwa wakitendewa na wakubwa wao kanisani, wakaona hivi viwili havifanani. David Barrett, mmisionari aliyefanya kazi Nyanza na kuwa mtafiti, aliandika kwamba Maandiko kufika katika lugha za watu kulichangia sana makanisa huru kuzaliwa Afrika.

Kwa hiyo tafsiri ndiyo iliyotupa macho. Halafu mtu anakuja leo ananiambia macho hayo hayafai mpaka nipitie kwake anisomee Kigiriki. Hapana. Huko ni kurudishwa tulikotoka.

Tena Kiswahili si mgeni wa mbali katika jambo hili. Roho tumeipata kwa Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu: wao ruakh, sisi roho. Nabii, malaika, salamu, dhabihu, zote zina pacha wake kule. Mzungu hujifunza ukubwani kitu ambacho bibi yangu alikitamka akipepeta mtama.

Mwalimu mstaafu, Vihiga

Naam, ila chunga mzizi tena! Ruakh ni roho, na pumzi, na upepo. Roho ya Kiswahili haivumi. Ndiyo maana Yohana 3:8 inatupungukia: kwa Kigiriki "upepo" unaovuma na "Roho" ni neno moja, pneuma, na Yesu anacheza nalo. Sisi tunapewa maneno mawili na mchezo unapotea. Hapa ndipo mtu wa lugha hutufaa. Anaturudishia mchezo, kisha anakaa chini.

Karani wa Nakuru

Nyote mnaongea kama vile suala ni la darasani. Baada ya Shakahola, 2023, ambako miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa huko Kilifi, mimi sitaki tena kusikia "hatuna dhehebu, tuna Biblia tu". Nani anamsimamia huyo mtu? Mwaka 2016 serikali ilileta kanuni za kutaka wahubiri wawe na vyeti vya theolojia, makanisa yakapiga kelele, zikaachwa. Zirudi. Anayetaka kutuambia Kigiriki kinasema nini aonyeshe alikisomea wapi.

Kijukuu cha Johera

Babu yangu angekataliwa na kanuni hiyo. Katiba ibara ya 32 inampa mtu uhuru wa kuabudu na kufundisha. Ukatili ni jinai, ushtakiwe kama jinai. Cheti hakizuii mtu kuwa mkatili.

Karani wa Nakuru

Na cheti cha udereva hakizuii ajali. Tukifute?

Nyar Seme

Karani, hoja ya watu kufa siipuuzi. Lakini mwenye cheti naye angeweza kumwambia yule kijana "umesoma Kigiriki?" na angekuwa na karatasi ya kumnyamazishia. Mimi nataka uchaguzi wa mtafsiri uwekwe wazi. Mchungaji akisema neno lina maana hii, ataje aya nyingine mbili ambamo neno hilo limetumika, tuzifungue sote papo hapo, kwa Kiswahili, kwa Dholuo, kwa Kiluhya. Ikikubali, tunaitikia amina. Ikikataa, mahubiri yanangoja. Hilo halihitaji Bunge.

Jirani wa Dunga

Hapo hata mimi nitakuja. Lakini ibada itaisha saa ngapi?

Fundi wa Kondele

Nimesoma yote, mke wangu akisoma begani. Ile ya Nobel imemchekesha, ile ya Fibi imemnyamazisha, na sasa anataka kujua kwa nini hata katika kanisa letu hili lisilo na dhehebu chai bado wanapika wao.

Nilimpigia mchungaji jana. Nilimsomea Nobel na mwaka wake. Alikaa kimya kidogo, akasema hilo la dainamiti alilisikia kwenye krusedi akiwa kijana, na hajawahi kulitafuta. Nikamwomba aya mbili kama Nyar Seme alivyosema. Amesema Jumatano, kwenye mafunzo ya Biblia. Nimempigia na yule kijana wa machimboni nimwalike. Ameniuliza kama nina hakika hatachekwa tena. Sikuwa na jibu.