qBittorrent, uTorrent au Syncthing kwa chumba cha kompyuta Kigoma?

Mgebuka_Mkavu: Wakuu, habari za jioni. Nina chumba cha kompyuta hapa Mwanga, nafundisha vijana. Nataka programu ya kugawa mafaili mashine kwa mashine, nimechoka kuzunguka na flashi. Nimebakiwa na hizo tatu. Nichukue ipi? Jumamosi naifunga kwenye mashine. Nawasilisha.

FundiIsevya: Mkuu, mashine ngapi? Windows au Linux? Mafaili ni ya aina gani, na intaneti ni bando au umevutiwa waya? Bila hayo tutakuwa tunakupigia ramli.

Binti_Kibirizi: qBittorrent, usihangaike. Christophe Dumez alianza kuiandika 2006 kule Ufaransa, ni ya bure na haina tangazo hata moja. uTorrent ilikuwa tamu enzi za Ludvig Strigeus, 2005, programu nzima ilikuwa haifiki hata MB 1, kompyuta chakavu iliibeba vizuri. Ikauzwa 2006, matangazo yakaja baadaye.

Mzee_wa_Cheyo: Vijana, niliumia na LimeWire, programu ya zamani ya kugawana mafaili, naomba mnisikilize. Mwaka 2009 nilikuwa na intaneti kafe Tabora mjini, kompyuta nane. Kijana mmoja akashusha wimbo. Jina la wimbo lipo, lakini faili ni KB 300 na mwisho wake ni .exe, ambao Windows ilikuwa imeuficha. Akabofya, kimya. Kesho yake kila flashi ikichomekwa, folda zinapotea, panabaki vijifaili vyenye majina yaleyale. Akaja binti wa uuguzi, flashi yake ya kijani kaifunga kwa kamba ya kiatu, ndani kuna ripoti aliyoichapa wiki mbili. Akalia pale kaunta. Nilikaa naye hadi saa nne usiku, nikagundua mafaili yamefichwa tu, nikayarudisha kwa amri ya attrib. Kule LimeWire kila mtu aliliita faili lake jina alilotaka. Mahakama ya Marekani ilipoifunga 2010 sikusikitika.

FundiIsevya: Pole sana mzee wangu. BitTorrent ya Bram Cohen, 2001, ndiyo njia inayotumiwa na qBittorrent na uTorrent, ni tofauti: faili linakatwa vipande, kila kipande kina alama yake ya kukihakiki. Kikiharibika njiani kinatupwa, kinashushwa kingine. Ila kama aliyeliweka ni tapeli, alama hazitakuokoa.

Reli_ya_Kati: Yote yalianzia Napster, programu ya kugawana nyimbo ya Shawn Fanning, 1999. Heshima iende huko.

Binti_Kibirizi: Napster haikuwa mashine kwa mashine kamili. Orodha ya mafaili ilikaa kwenye seva zao, ndiyo maana mahakama ilipowabana 2001 yote ikazimika. Gnutella, mtandao wa kugawana mafaili wa Machi 2000, ndiyo isiyokuwa na kitovu.

Reli_ya_Kati: Faili lenyewe lilitoka kwa mtu likaenda kwa mtu! Seva ilikuwa dalali tu. Dalali anakuonyesha nyumba, hakai humo.

Binti_Kibirizi: Na dalali akikamatwa, nyumba utaionaje?

Mgebuka_Mkavu: Samahani, nilichelewa kurudi. Mashine 14, mbili ni Linux. Ruta moja ya waifai, bando la simu. Kuna faili la Linux la GB 4, na video za masomo ninazoongeza kila wiki.

FundiIsevya: Bando la simu! Basi kwanza kabisa weka kikomo cha kupakia. Torenti inashusha huku inawagawia wengine. Bando langu la GB 10 liliisha usiku mmoja nimelala. Kwa hilo la GB 4, qBittorrent: washa kutafutana ndani ya mtandao wako, mashine zipeane vipande zenyewe. Kwa video za kila wiki, Syncthing, inafanya folda ifanane kwenye mashine zote, hata intaneti ikikatika inaendelea.

Mzee_wa_Cheyo: Lakini Syncthing, mwanafunzi akifuta video kwake, inafutika kote. Mashine ya mwalimu iwe ya kutuma tu.

Reli_ya_Kati: Na mashine 14 kwenye waifai ya ruta moja zitagombania hewa. Tafuta swichi ya mtandao ya matundu 16 na nyaya.

Mgebuka_Mkavu: Swichi hiyo kwa hapa Kigoma naipata duka gani? Nimezunguka Mwanga yote leo, nimeona za matundu 8 tu.

FundiIsevya: Huku Tabora zipo. Njoo inbox, nikutumie kwa treni.