Ushauri: kamera gani ya video inafaa kurekodi safari za uwindaji? (Nipo Liwale)

Kijana wa Liwale (mleta uzi):
Habari za asubuhi wakuu. Mimi napiga video za harusi na unyago hapa Liwale, mara nyingine naitwa hadi Nachingwea. Mjomba wangu ni mfuata nyayo kwenye kampuni moja ya uwindaji wa kitalii, na msimu ukifunguliwa Julai wananitaka niingie nao porini niwarekodie wageni. Mgeni akirudi kwao anataka video ya siku zake zote: kufuata nyayo, kupiga, picha na mnyama, moto wa jioni kambini.

Kamera yangu ni ile ya picha yenye lenzi ya 18-55. Mjomba ameitazama akacheka, anasema mbogo hakusubiri ubadilishe lenzi. Nina milioni tatu, na humo humo zitoke betri za ziada na maiki. Je, 4K (video kali kuliko HD) ni lazima? Zumu iwe ngapi? Umeme wa kambini ni sola, na jenereta inawashwa jioni tu. Naomba kuwasilisha.

Korosho Ghafi:
Mkuu chukua simu kali yenye kamera tatu, pesa inayobaki nunua pikipiki. Siku hizi nani anabeba kamera?

Fundi Lenzi (Masasi):
Korosho, simu kwenye harusi sawa. Mnyama akiwa mita themanini ndani ya miombo, zumu ya simu nyingi ikivutwa sana inakata picha na kuikuza tu. Utapata kitu cheusi kinachotembea, mgeni atauliza kama ni mbogo au ni kisiki.

Mleta uzi, kwenye boksi la kamera tazama zumu ya lenzi yenyewe, hiyo ya kidijitali iruke. Mara 20 inatosha kabisa. Kwa bajeti yako ningeanza kutafuta Sony FDR-AX53. Lenzi yake inaanza kama milimita 26.8 na kufika 536, kwa hiyo unapata kambi nzima na uso wa mbogo bila kubadilisha chochote. Utulivu wake ndio ninaoupenda: lenzi na sensa (kile kinachonasa picha) vinacheza pamoja ndani, ukitembea picha hairukiruki sana. Ina tundu la maiki na la hedifoni.

Ipo ndugu yake AX43. Inafanana nayo kwa mengi ila haina kitundu cha kuchungulia kwa jicho. Kwa harusi ningekwambia chukua tu. Kwa porini, hapana.

Kijana wa Liwale:
Asante kaka. Kitundu kina shida gani? Mimi nimezoea skrini.

Mzee wa Chambo:
Hapo nijibu mimi, nimekaa kwenye vitalu vya uwindaji muda mrefu. Mdogo wangu, sababu ni mbili. Saa saba mchana jua la huku likipiga skrini huoni kitu, unabaki kurekodi kwa kubahatisha. Ya pili ni chui. Mnakaa kwenye kibanda cha majani mkikitazama chambo juu ya mti, jioni inaingia, hakuna anayekohoa. Ukifungua skrini uso wako wote unawaka mle ndani. Chui akiona mwanga huo harudi, na mgeni amelipa pesa nyingi kumsubiri. Kwenye kibanda unafunga skrini, unaweka jicho kwenye kitundu.

Zima na milio yote ya kamera, ile "pii" ya kuanza na kumaliza kurekodi. Zima taa nyekundu ya mbele. Kama menyu haikuruhusu, bandika kipande cha gundi nyeusi. Mambo haya yafanyie nyumbani. Wengi wanaanza kutafuta menyu wakati chui ameshapanda mti.

Kijana wa Liwale:
Shikamoo mzee. Nimekuelewa sana.

Mzee wa Chambo:
Marahaba. Na umuulize mjomba wako utasimama wapi. Nafasi yako ni nyuma ya mwindaji bingwa (yule anayemwongoza mgeni), ukichungulia juu ya bega la mgeni. Kamwe usivuke mstari wa mdomo wa bunduki kutafuta picha nzuri. Mbogo anapigwa na bunduki ya .375 kwenda juu, huo mlio ukiwa pembeni ya mdomo wa bunduki masikio yataimba wiki nzima.

Picha na Sauti:
Mzee kagusa mlio, niongezee hapo hapo maana watu wengi wanahangaika na picha wakasahau sauti. Kamera ikiwa kwenye sauti ya kujipima yenyewe, inapandisha maiki wakati watu wananong'ona, bunduki ikilia inashusha ghafla. Baada ya risasi kuna sekunde kadhaa za ukimya wa ajabu, na hapo ndipo mwindaji bingwa anamwambia mgeni "ongeza, piga tena!" Maneno hayo yanapotea. Weka sauti kwa mkono, uishushe kiasi ili mlio usipasuke. Maiki ya nje ivalishwe manyoya, upepo wa Agosti kwenye mbuga ya wazi hauna huruma.

Dada wa Mikindani:
Mimi naona mnampeleka kwenye Sony peke yake. Canon HF G70 nayo ina zumu mara 20 na kitundu cha kuchungulia. Canon hizi za G zina kitu kinaitwa Pre-REC: ukiiwasha, kamera inashika sekunde tatu kabla hujabonyeza. Kwa mnyama anayetoka kichakani bila kuaga, sekunde tatu hizo ni mali.

Fundi Lenzi (Masasi):
Kweli dada, hiyo siipingi. Akiipata ndani ya bajeti aichukue. Ya sensa ya inchi moja, AX700, ni bora zaidi jioni, lakini zumu yake ni mara 12 na bei itamtoa nje ya milioni tatu.

Jicho la Tai:
Nikon P1000! Zumu mara 125, utamhesabia tembo kope!

Fundi Lenzi (Masasi):
Jicho la Tai, umewahi kuishika mkononi ikiwa imevutwa mwisho, baada ya kukimbizana na nyati kwa saa mbili, moyo unadunda? Ukipumua tu mnyama ametoka kwenye fremu, na kumrudisha ni kazi. Mchana joto linapanda kutoka ardhini, picha ya mbali inacheza hata ukiwa na traipodi. Ni nzuri kwa ndege na mwezi.

Kijana, fokasi nayo iangalie. Majani marefu yakiwa mbele, kamera inashika majani na kumwacha mnyama ukungu. Jifunze kuifunga kwa mkono. Jizoeze na mbuzi nyuma ya ua wa miti, utaona ninachosema.

Kijana wa Liwale:
Haha, mbuzi wapo. Na 4K?

Picha na Sauti:
Rekodi 4K ukiweza, kwa sababu baadaye unaweza kuisogeza picha karibu wakati wa kuhariri na bado ikatoka safi kwa ukubwa wa kawaida wa HD. Ila piga hesabu ya kadi. Kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula gigabaiti 45. Kadi ya 64 haifiki saa moja na nusu. Chukua zenye alama ya V30 (kasi ya kuandika), na ukinunua Kariakoo zijaribu kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw kabla hujaondoka Dar. Kadi feki inakuandikia 128 na ndani ipo 16.

Mzee wa Chambo:
La kibali msilisahau. Tangu 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ni Hifadhi ya Taifa Nyerere, huko hakuna uwindaji. Vitalu viko kwenye pori la akiba lililobaki, chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Filamu ya biashara inataka kibali, kwa hiyo kampuni ikuwekee jina kwenye karatasi zao kabla gari halijatoka. Na kama unawaza droni, iache nyumbani.

Halafu begi. Usinunue jeusi wala la bluu, rangi hizo zinaita mbung'o. Utarekodi huku unajipiga makofi.

Kijana wa Liwale:
Nimeamua AX53 nikiipata nzima Dar, nisipoipata nitaitafuta hiyo Canon. Swali la mwisho: betri nachaji vipi tukilala nje ya kambi?

Fundi Lenzi (Masasi):
Betri tatu, zile kubwa, si ile ndogo inayokuja na boksi. Nunua chaja ya pembeni inayotumia USB, uchomeke kwenye tundu la kiberiti la Land Cruiser wakati gari linatembea. Inveta (za kugeuza umeme wa gari uwe wa nyumbani) za bei rahisi ziache, zinapiga kelele kwenye sauti ukirekodi huku unachaji. Ukishuka Masasi nipigie honi, nina manopodi (mguu mmoja wa kusimamishia kamera) ya mkono wa pili, tutaelewana bei.